Shikamoo, Golikipa

Jumapili, 9 Machi 1975

Leo nimeamka tena nikiwa mke wa mtu, na bado sijazoea. Nilimtazama Reginald akinyoa ndevu dirishani mbele ya kipande cha kioo, povu limemfika masikioni, nikajiambia: Konsolata, huyu ni wako, hakuna wa kukunyang'anya. Tulifunga ndoa kanisani Mbulu kabla tu ya Kwaresima. Sasa ni Kwaresima yenyewe na Padre anasema tujinyime kitu. Nimejaribu kujinyima kumtazama. Nimeshindwa kabla ya chai.

Tunaishi Maretadu, katika nyumba ya bati ya kijiji. Ina vyumba viwili, sakafu ya saruji na mlango wenye kitasa. Reginald ni mtu wa Songea na anafundisha hesabu shuleni hapa, lakini nyumba hatukupewa kwa ajili ya hesabu. Tumepewa kwa sababu yeye pia ni mwalimu wa Jembe, timu ya mpira ya kijiji. Mwenyekiti wetu, Mzee Basili, aliwauliza walimu wote ni nani aliyewahi kuwa kwenye timu chuoni, na Reginald peke yake akanyoosha mkono. Chuoni alikuwa mshika kibendera. Mimi sioni tatizo. Mshika kibendera ndiye anayeuona uwanja mzima.

Ligi ya Mbulu na Hanang imeanza leo. Dongobesh wametufunga matano kwa bila. Upepo ulikuwa unawasaidia.

11 Machi

Mvua. Reginald ametoka shuleni na ua la maharage nyuma ya sikio, akanivisha mimi. Nimepika nalo kichwani.

16 Machi

Haydom manne, Jembe bila. Kipindi cha pili timu zilibadilishana magoli, lakini upepo nao ukageuka ukawafuata. Naanza kuushuku upepo huu.

Nimetia viraka kwenye viwiko vya koti la Reginald. Nimekata sketi yangu ya shule, ile ya kijani. Anasema sasa anatembea na elimu ya sekondari kwenye mikono yote miwili. Nani mwingine duniani anayeweza kusema maneno kama hayo?

Jumatano, 19 Machi

Mama Joakimu amekuja kuazima chungio. Ni jirani yetu, mama mwenye sauti kubwa, na mwanawe Joakimu alirudi mwaka jana kutoka Jeshi la Kujenga Taifa akiwa na viatu vizito na filimbi. Filimbi hiyo haimtoki shingoni hata akienda kuchunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, bibi harusi. Mumeo yuko wapi?"

"Anapanga timu."

Akachungulia mezani. Reginald alikuwa amepanga punje za mahindi kuwa Jembe na maharage kuwa wapinzani. Mama Joakimu akatikisa kichwa.

"Hata hapa mezani maharage yanashinda," akasema, akaondoka na chungio.

Nikaona uchungu, maana watu hawajui taabu anayoipata mume wangu. Wachezaji wetu hawachaguliwi kwa miguu. Mwaka juzi, watu walipohamia kijijini, Mzee Basili alisimama mkutanoni akasema, "Ndugu wananchi, timu ni kama shamba la ujamaa. Kila nyumba kumi italeta mtu mmoja." Tuna mabalozi kumi na mmoja wa nyumba kumi, na mpira una wachezaji kumi na mmoja. Watu walipiga makofi, wakasema hata Mungu alikuwa amekusudia. Basi kila nyumba kumi wanamleta wanayetaka wao. Wengine wanamleta mkorofi ili wapumue Jumapili. Nyumba zetu za watumishi zinamleta Felician, mganga wa zahanati, ambaye anakimbia kwa hadhari kana kwamba amebeba chupa za dawa. Na nyumba kumi za kule juu kilimani, ambako vijana wote wamekwenda kutafuta malisho, wanamleta Mzee Hermani.

Mzee Hermani ana wajukuu. Ndiye golikipa. Anadaka akiwa na blanketi lake, na fimbo anaiegemeza kwenye mlingoti.

Jumapili, 23 Machi

Siku ya ajabu! Lazima niandike yote.

Katesh wamekuja na lori kutoka chini ya mlima Hanang, vijana warefu, wamevaa jezi zinazofanana zote. Sisi tuna jezi saba. Wengine hucheza na mashati ya kazi. Mpira ulipoanza nikafumba macho, kama ninavyofanya siku hizi. Nikasikia kelele, nikafumbua. Kijana wao mmoja, mwenye kasi kama swala, alikuwa amewapita wote, amebaki na Mzee Hermani tu. Akainua mguu apige. Mzee Hermani akamtazama, hivi, kama mzee anavyomtazama kijana aliyeingia uani bila kubisha hodi.

Kijana akashusha mguu.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko Katesh?"

"Hatujambo."

"Na ng'ombe?"

"Wazima, mzee."

Wakati huo Mzee Hermani alikwisha kuinama polepole na kuuokota mpira.

Uwanja mzima ulilipuka! Katesh walimjia refa juu. Refa, karani kutoka Mbulu, akafungua kitabu cha sheria, akakipekua mwanzo mpaka mwisho, akasema hakuna mahali palipokatazwa kusalimia. Na baada ya hapo ikawa hivyohivyo. Kila aliyefika golini alishikwa na malezi yake. Wawili walijaribu kupiga bila kuamkia, na wote wawili walipiga nje, kwa aibu.

Sare, bila kwa bila! Pointi yetu ya kwanza! Nilimkumbatia Reginald mbele ya kijiji kizima, na Padre alikuwepo.

30 Machi, Pasaka

Heri tupu. Hakuna mpira.

6 Aprili

Timu ya kijiji cha Daudi wamesikia habari za Katesh. Kabla ya filimbi walijipanga mstari mmoja mbele ya Mzee Hermani, wakaamkia wote kwa pamoja, "Shikamoo mzeee!" Akaitikia, akafurahi sana. Kisha wakamfunga sita.

9 Aprili

Reginald hakumaliza ugali. Nikamwambia upepo utaisha masika yakiisha. Akanibusu kwenye paji la uso, akasema, "Konso, wewe peke yako ndiye mshabiki wangu." Nilifurahi mpaka nikaunguza maziwa. Sasa usiku huu ninayafikiria tena maneno yale na sina hakika kama yalikuwa ya furaha.

Jumapili, 20 Aprili

Tumekwenda Haydom kwa marudiano. Nimekwenda nao, ndani ya lori la ushirika, katikati ya magunia na wachezaji. Joakimu naye aliomba lifti.

Kwenye kijito kimoja lori likazama, gurudumu la nyuma lote. Reginald akasimama, akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu," akasema, "naomba, kama hamtaona vibaya, tushuke tusukume. Tafadhali."

Sauti yake ni nzuri sana. Ndiyo niliyoipenda kwanza, kwenye kwaya. Lakini hakuna aliyeshuka. Mmoja akauliza kama anayesukuma atahesabiwa siku ya kazi ya kijiji. Mwingine akasema wa nyumba kumi za karibu na kijito ndio wenye wajibu. Mzee Hermani akapendekeza tusali kwanza, akaanza slufay, ile sala ndefu ya wazee, na watu wakaitikia vizuri, wote wameketi. Lori likazidi kuzama, na mvua ikaanza.

Ndipo filimbi ikalia.

"Wote chini!" Joakimu akapaza sauti. "Mabega kwenye lori! Mganga Felician, acha kujipapasa! Mzee Hermani, shikamoo, shuka! Moja! Mbili!"

Lori likatoka kama jino. Lilitoka kwa kasi hata likamwacha Reginald amesimama kwenye tope akishika kiatu chake kimoja, na viraka vyangu vya kijani vimegeuka rangi ya udongo.

Nilimchukia Joakimu safari nzima. Lakini lori lilitoka.

(Tulifungwa matatu.)

27 Aprili

Mbulu Mjini manne, sisi moja. Goli letu walijifunga wenyewe. Reginald aliwapelekea ahsante.

Mei Mosi

Tumeandamana, tumeimba. Kwenye maandamano nimesikia wanaume nyuma yangu wakisema "abadilishwe", "abadilishwe". Nilidhani wanasema juu ya balozi fulani. Walinyamaza nilipogeuka.

Jumatatu, 5 Mei

Sasa najua. Wanataka kumwondoa Reginald na kumweka Joakimu.

Ameniambia Mama Joakimu mwenyewe, tukichambua maharage. Hakuficha. "Timu ya mwisho inashuka daraja," akasema, "na wa mwisho ni sisi. Tukishuka tutacheza na waseminari na watoto wa darasa la saba. Mtu mzima kama Hermani afungwe na mtoto wa darasa la saba? Mungu apishe mbali."

Na nyumba? Mzee Basili ameshasema. Nyumba ya bati ni ya mwalimu wa mpira. Akibadilika mwalimu wa mpira, anabadilika mwenye nyumba. Na Jembe ikishuka daraja hakutakuwa na haja ya mwalimu wa mpira kabisa, nyumba itakuwa ghala la mbolea. Sisi tutapewa chumba nyuma ya stoo ya shule, pamoja na chaki na majembe.

Jioni Joakimu alipita mbele ya nyumba yetu. Akasimama. Akalitazama paa muda mrefu, akatikisa kichwa, akaondoka. Mwivi! Anapima bati letu kwa macho!

8 Mei

Alipita tena. Ametazama paa tena. Nimemwaga maji ya vyombo karibu na viatu vyake, kwa bahati mbaya.

Jumanne, 13 Mei

Mkutano wa kumjadili Reginald umeahirishwa, mvua. Mungu ni mwema.

Lakini Reginald amekonda. Usiku anaota. Jana alisema usingizini, "Naomba urudi nyuma, tafadhali, winga," na akanisogeza mpaka ukutani. Zamani aliniletea maua. Leo ameleta kibendera cha kona mfukoni bila kujua. Nilimwuliza, "Mpenzi, umechoka?" Akasema, "Sijachoka hata kidogo, Konso. Napenda sana mpira." Alilisema neno "sana" kama mgonjwa anayemwambia Felician kwamba sindano haiumi.

Nikamwambia, "Ndiyo maana nami nakupenda, kocha wangu." Nilidhani itamtia nguvu. Akatazama punje za mahindi.

18 Mei

Dongobesh tena. Sita. Sitasema neno juu ya upepo. Hakukuwa na upepo.

Jumamosi, 24 Mei

Kesho mkutano, mvua inyeshe isinyeshe. Nimekaa mezani na lazima niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Reginald wangu hajui kufundisha mpira. Anajua hesabu, anajua kuimba, anajua kunifunika miguu. Mpira hajui. Hata akisema "tafadhali" mara ngapi, Felician hatakimbia. Na kila Jumapili kazi hii inamla kipande kidogo. Nyumba naipenda. Kitasa nakipenda. Lakini kesho nitafanya nini?

Nikipiga kura ya kumwondoa, nitakuwa mke wa namna gani? Na yeye atavunjika moyo, maana anapenda mpira "sana".

Jumapili, 25 Mei

Ukungu. Ulishuka kutoka msituni asubuhi, na baada ya Misa ulikuwa mzito hata mtu ulimsikia akikohoa kabla ya kumwona. Mkutano ulifanyika uwanjani. Mzee Basili alifungua kwa slufay, tukaitikia, kisha akasema:

"Ndugu wananchi, ajenda ni moja. Mwalimu Reginald aendelee, au abadilishwe na Ndugu Joakimu? Wanaotaka aendelee, wanyooshe mikono."

"Mwenyekiti!" Mama Joakimu akapaza sauti. "Hatukuoni wewe, utaiona mikono?"

Minong'ono. Mzee Basili akafikiri, maana ni mtu wa kupata ufumbuzi.

"Basi tutumie magoli. Wanaotaka aendelee, waende goli la upande wa shule. Wanaotaka abadilishwe, goli la upande wa josho la ng'ombe. Nitapita kuhesabu vichwa kwa mkono."

Reginald alinibana vidole. "Twende, mke wangu," akasema, akaanza kutembea kuelekea upande wa shule, kichwa juu. Baada ya hatua chache ukungu ukammeza. Nikasimama peke yangu. Nilisikia miguu ya kijiji chote ikipita, siwezi kujua nani wapi. Nikafikiri: hakuna atakayeniona. Nikafikiri: Mungu ataniona. Nikafikiri juu ya winga wa usingizini.

Nikageuka, nikaenda upande wa josho. Nililia njia nzima. Nilijiona kama mtu anayeuza nyumba yake na mume wake siku moja.

Golini kulijaa watu, wamesimama kimya, wanaona haya. Nikapenya. Nikamgonga mtu mrefu.

"Samahani," nikasema.

"Wa kuomba radhi ni mimi," akajibu.

Hakuna mtu Maretadu anayeomba radhi kwa sauti kama ile. Nikashika kiwiko. Kulikuwa na kiraka. Niliishona mwenyewe ile sketi, naijua hata gizani.

"Reginald! Unafanya nini huku?"

"Nimepotea," akasema.

"Umepotea kwenye uwanja wako mwenyewe?"

"Ukungu, Konso. Na wewe je?"

"Mimi... nimepotea pia."

Tukasimama. Kisha nikahisi bega lake linatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na mimi nikaanza kucheka huku machozi bado yananitoka.

"Nilidhani utaona aibu," akaninong'oneza, "kuolewa na mwalimu wa hesabu tu. Kila siku unaniita kocha wangu."

"Nilikuita hivyo ili usivunjike moyo!"

"Konso, mimi mpira siupendi hata kidogo. Nilipenda kibendera."

"Nani anacheka huko?" Mama Joakimu akafoka ukunguni. "Huu ni mkutano, si harusi!"

Mzee Basili akafika, akigusa vichwa kama ahesabuye ng'ombe zizini. Mkono wake ukatua kwenye miwani ya Reginald.

"Mwalimu? Wewe upo huku?"

"Nipo, Mwenyekiti. Unihesabu."

Kijiji kizima kilikuwa goli la josho. Goli la shule Mzee Basili alimkuta mtu mmoja tu, amesimama mguu sawa na filimbi yake. Joakimu. Aliulizwa kwa nini. Akasema haifai mtu kujipigia kura mwenyewe, na tena Mwalimu Reginald ndiye mtu pekee kijijini aliyewahi kumwambia tafadhali.

Nami nilimmwagia maji ya vyombo.

Jumanne, 27 Mei

Nimefungasha sufuria. Joakimu amepita, akatazama paa kama kawaida yake, akasema, "Kaeni kwanza. Mambo ya nyumba tutazungumza ligi ikiisha." Ni mtu wa heshima, lakini nyumba ni nyumba.

1 Juni

Tumewafunga Daudi mawili! Joakimu hakuvunja mpango wa Mwenyekiti. Kila nyumba kumi bado wana mtu wao. Lakini amesema kwa kuwa Reginald si kocha tena, sasa ni mwananchi wa kawaida wa nyumba za watumishi, na anaweza kucheza badala ya Felician. Felician alimshika Joakimu mikono yote miwili na kumwombea maisha marefu.

Mume wangu ni golikipa! Miwani ameifunga kwa kamba ya katani. Mzee Hermani amepelekwa mbele kabisa, karibu na goli la wenzetu, "akapumzike".

8 Juni

Katesh wametufunga moja. Reginald amepasuka mdomo. Anakula vizuri ajabu.

Jumapili, 15 Juni

Mchezo wa mwisho, hapahapa, na Mbulu Mjini. Tukishinda tunabaki. Tukitoka sare tunashuka, na nyumba inakuwa ghala la mbolea.

Kipindi cha kwanza hakuna kitu. Kipindi cha pili Mzee Hermani alikuwa amesimama mbele ya goli lao, anamwuliza golikipa wao ni wa ukoo gani. Golikipa alikuwa anaeleza upande wa mama yake. Mmoja wetu, yule mkorofi wa nyumba kumi za mashine ya kusaga, akapiga mpira kwa hasira tu. Ukamgonga Mzee Hermani mgongoni, kwenye blanketi, ukaingia. Mbulu walilia kwamba ameotea. Mshika kibendera, kijana mdogo, alimtazama Mzee Hermani, akatazama kibendera, akakiweka chini.

Moja kwa bila! Kisha, refa akiwa ameshatazama saa yake, yule yule mkorofi akamkata mtu mtama ndani ya boksi. Penalti.

Sikufumba macho safari hii. Aliyeweka mpira alikuwa kijana mwenye mabega, Nikolausi, ndiye mfungaji wao mkuu. Akarudi nyuma. Akavuta pumzi. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza akamwona vizuri aliyesimama golini na miwani yenye kamba.

Reginald alimfundisha huyo darasa la sita, Mbulu.

Nikolausi akaunganisha visigino. Haikuwa hiari yake, mtu aliyekaa darasani anajua.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, Nikolausi," akajibu mume wangu kwa ile sauti yake ya kwaya. "Jedwali la kuzidisha la saba ulishalimaliza?"

Filimbi ikalia. Nikolausi akaja mbio, lakini midomo yake ilikuwa inacheza, na naapa nilimwona akihesabu. Akapiga. Mpira ukaenda taratibu, kwa adabu, moja kwa moja mikononi mwa Reginald, akaukumbatia kama mtoto.

Tumebaki! Tumebaki! Nimepoteza kanga yangu moja na sijui iko wapi.

Jioni wamekuja Joakimu na mama yake. Sufuria zangu zilikuwa bado zimefungwa kamba. Nikasema, "Karibuni kwenye nyumba yenu."

"Yetu?" Mama Joakimu akajikunyata ndani ya shuka lake. "Mwanangu alale chini ya bati? Sisi tuna tembe letu, lina udongo juu na ndama ndani. Nimwambie Basili nini kijana akishikwa na nimonia?"

"Mimi kila nikipita hapa nawahurumia," Joakimu akasema, akilitazama paa tena kwa huzuni ileile. "Wageni hawa, nasema moyoni, na baridi yote hii. Wanaishije humo?"

Reginald akanitazama. Mimi nikamtazama. Tangu Februari tumo humu, na leo ndiyo kwanza tunasikia kwamba nyumba hii ina baridi.